HUYU ZIMWI KAFIKAJE HAPA? Magemu, nunda na tembo wa Mikumi

Leo naomba tuongelee kitu kilichoanza kama ubishi wa kijiweni, kikaniharibia usingizi kama wiki mbili hivi, na mwisho wake kikanifanya nifute karibu nusu ya kazi niliyoifanya kwa miezi minne. Soma mpaka mwisho halafu uniambie kama nimekosea.

Mimi na mshkaji wangu mmoja tunatengeneza gemu. Msicheke! Ni gemu ndogo tu, ya kuchora kwa mraba mraba, tunatumia programu ya RPG Maker. Yeye anachora, mimi naandika hadithi na kupanga wapi kuna nini. Hadithi yenyewe inahusu kijana anayetoka Kilosa mjini kwenda Mikumi kwa miguu, kwa kupitia Ulaya (Ulaya ya kwetu wilayani, siyo ile ya ndege, teh teh teh). Njiani anapambana na madude mbalimbali, anapanda leveli, mpaka anakutana na bosi wa mwisho.

Jumamosi moja tukaileta kafe watu waijaribu. Kila kitu kikaenda vizuri mpaka dogo mmoja wa kidato cha pili akafika kwenye daraja la mto Mkondoa. Likaruka papa majini, kinywa wazi. Dogo akaacha kubonyeza, akageuka.

"Kaka, huyu papa kaingiaje Mkondoa?"

Kafe nzima kicheko. Mshkaji wangu akawaka: "Ni gemu bwana! Mbona kuna mganga anarusha moto kwa mkono hujalalamika?"

Dogo akajibu taratibu tu: "Moto nimeukubali. Papa sijamkubali."

Ukweli tulimweka papa kwa sababu picha ya papa tulikuwa nayo tayari, basi. Hakuna sababu nyingine. Lakini lile jibu la dogo lilinikaa kichwani. Kwa nini mtu anakubali moto wa mganga, halafu anakataa papa? Papa yupo kweli duniani, moto wa mkononi haupo! Nikaanza kuchimba, na haya ndiyo niliyoyapata.

KUKUBALI UONGO KUNA MASHARTI

Ukianza kucheza RPG (namaanisha yale magemu marefu ambayo unaongoza mhusika, anaanza dhaifu, anaongea na watu, anakua) unafanya makubaliano na aliyeitengeneza. Yeye anakwambia: katika dunia hii kuna uchawi, kuna joka, maiti zinatembea. Wewe unasema sawa. Ila na wewe una sharti lako. Unasema: ukishanipa sheria za dunia yako, usizivunje mwenyewe.

Ndiyo maana moto wa mganga ulipita. Mwanzo kabisa wa gemu tulisema huyu ni mganga na moto ndio kazi yake. Papa hatukumsemea kitu. Mto tulishaueleza kuwa ni Mkondoa, na dogo anaujua Mkondoa, kaogelea humo. Tulivunja sheria yetu wenyewe.

Kwa hiyo nikajitengenezea maswali matatu ya kumuuliza kila zimwi ninayemkuta mahali pa ajabu. (Baadaye liliongezeka la nne, mtaliona.)

1. Kafikaje hapa?
2. Anaishije, anakula nini?
3. Wenyeji wa hapa wanamwonaje, wanafanya nini juu yake?

Siyo lazima gemu ikujibu yote kwa mdomo. Ila ukikuna kichwa kidogo, majibu yawepo. Sasa twende tukayajaribu kwenye magemu ya wakubwa.

WAKUBWA NAO WANAKOSEA

Wale mliocheza Final Fantasy VIII (ilitoka 1999, kwenye PlayStation ya kwanza) mnamkumbuka T-Rexaur. Lile jijusi kubwa jekundu la kutisha. Unakutana naye wapi? Mwanzo kabisa! Wewe bado mwanafunzi, ndiyo kwanza unatoka nje ya chuo, ukiingia kwenye msitu wa hapo hapo Balamb unakutana na dude linalokumaliza kwa mapigo machache.

Sasa tumuulize maswali. Ndani ya chuo chenyewe yupo pia, kwenye eneo la mazoezi, na hapo anapita. Chuo kile kinafundisha mamluki, kwa hiyo wanafuga wanyama hatari ili wanafunzi wajifunze kupigana na wajifunze kukimbia. Jibu zuri kabisa. Lakini msituni je? Balamb ni mji mdogo wa wavuvi, watu wametulia kama vile humo porini kuna sungura tu. Swali la tatu limeanguka. Hebu fikiria kijiji chako kina simba watatu nyuma ya shule, halafu unapita mtaani hakuna anayeongelea simba. Haiwezekani! Kwetu simba akikanyaga tu shamba la mtu, mpaka jioni habari imefika Morogoro mjini.

Mfano wa pili ni The Elder Scrolls IV: Oblivion, ya mwaka 2006. Gemu tamu mno, lakini ilikuwa na tabia moja iliyoudhi wengi. Watengenezaji waliamua maadui wapande pamoja na wewe. Wewe ukiwa leveli ya chini, jambazi wa barabarani amevaa ngozi. Wewe ukipanda sana, jambazi yule yule amevaa deraya ya kioo, moja ya vitu vya thamani kubwa kuliko vyote humo. Halafu anakusimamisha barabarani anakudai sarafu mia moja. Jamani! Mtu amevaa nyumba nzima mwilini, anakaba watu kwa hela ya chai? Si auze kofia tu akapumzike!

Ukiangalia, huyu jambazi wala siyo zimwi. Lakini ugonjwa ni ule ule. Hayupo pale kwa sababu ya maisha yake, yupo pale kwa ajili yako. Ukishaliona hilo dunia yote inageuka maboksi ya rangi.

Oblivion hiyo hiyo ina kisa kingine, na hiki kinafundisha. Mwaka 1998 kampuni hiyo ilitoa gemu iitwayo Redguard, ikiwa na kijitabu ndani kinachoeleza nchi zote za dunia yao. Nchi ya katikati, Cyrodiil, kikaielezea kuwa ni msitu mzito wa joto. Miaka minane baadaye ndiyo tunaingia Cyrodiil yenyewe, tunakuta misitu ya baridi kama ya Ulaya (hapa namaanisha ile ya ndege). Mashabiki wakauliza: msitu wetu uko wapi?

Jibu lililokuja kutolewa ndani ya hadithi ni kwamba mfalme wao mmoja wa zamani, alipogeuka mungu, alibadilisha hali ya hewa ya nchi nzima. Wapo waliosema hiyo ni kuziba tobo kwa kiraka. Mimi nasema kiraka ni heshima. Maana yake walikubali kwamba mchezaji anayo haki ya kuuliza.

MAHALI PA AJABU LAKINI PENYE SABABU

Msije mkadhani nasema kila zimwi akae alipozoeleka, joka pangoni, mzuka makaburini. Hapana, hiyo inachosha. Zimwi aliyekaa mahali pa ajabu ndiye mtamu zaidi, mradi awe na sababu.

World of Warcraft (2004) sijaicheza mwenyewe, maana inataka ulipie kila mwezi na uwe na neti ya kueleweka. Lakini nimesoma na kuangalia video zake nyingi. Ina eneo linaitwa Barrens, na wallahi ukiliona utadhani uko uwanda wa Mkata: nyasi kavu za njano, miti ya kuhesabu, twiga, simba, na pundamilia wao wenye pembe moja. Nchi kavu kabisa. Halafu chini yake kuna pango, na humo ndani kijani kimejaa, maji yanatiririka, nyoka wakubwa na mijusi iliyoharibika umbo. Kijani chini ya jangwa! Kafikaje?

Sababu ipo. Mchawi mmoja wa miti, Naralex, aliwaonea huruma watu wa nchi ile kavu akataka kuirudishia rutuba. Akalala usingizi wa kichawi ili aponye ardhi akiwa ndotoni. Ndoto ikageuka jinamizi, na lile jinamizi ndilo linalozaa wale viumbe. Ukishajua hivyo unaingia pangoni na moyo tofauti. Kila nyoka unayempiga ni kipande cha nia njema iliyoharibika. Maswali yote matatu yamejibiwa na mtu mmoja aliyelala.

NUNDA WETU, NA WALIVYOMCHUKUA

Sasa wadau, hapa ndipo nilipofurahi. Kumbe sisi wenyewe tunayo hadithi inayojibu maswali haya kuliko gemu yoyote niliyoitaja, na imeandikwa muda mrefu kabla kompyuta hazijazaliwa.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha kitabu cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa huko. Mojawapo ni ya Sultani Majnuni, na humo ndimo alimo nunda mla watu. Wengi tunalijua jina tu, tunadhani ni dude lililotoka porini. Hapana! Nunda alikuwa paka. Paka wa sultani mwenyewe, anayelala nyumbani kwa sultani.

Paka akaanza kwa kula ndama. Watu wakaenda kushtaki, sultani akasema mwacheni, paka ni wake na ndama ni wake. Akaendelea na wanyama wengine, kila mara mkubwa zaidi, na kila wakishtaki jibu ni lile lile. Mwisho akala mtoto wa watu. Bado sultani anamtetea. Paka akaingia porini akawa nunda kamili, anakula kila apitaye, mpaka siku alipowala watoto wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba akakubali kwamba huyu siyo paka tena.

Kafikaje? Kalelewa. Anaishije? Kwa kusamehewa. Wenyeji wanafanya nini? Wanashtaki, hawasikilizwi. Nionyesheni bosi wa mwisho mwenye historia nzito kuliko hiyo!

Na haiishii hapo. Mtoto wa mwisho wa sultani, aliyedharauliwa na wote, anatoka kumtafuta nunda. Hamjui sura. Anaua mnyama mdogo, anarudi nyumbani kuuliza kama ndiye, anaambiwa siye. Anatoka tena, anaua mkubwa zaidi, siye. Anapanda hivyo hivyo mpaka tembo, na bado siye. Ndipo anamfikia nunda mwenyewe. Hiyo ni kupanda leveli, ndugu zangu! Unaanza na vidogo, unakua, unafika kwa bosi. Mababu walikuwa na RPG.

Baadaye dude hili likasafiri. Miaka ya 1920 afisa mmoja wa Kiingereza, Kapteni William Hichens, alikuwa pwani ya kusini huku Tanganyika, na baadaye akaandika kwamba watu waliuawa usiku na wenyeji wakamtaja nunda, ambaye pia huitwa mng'wa. Kwake yeye ikawa habari ya mnyama asiyejulikana na sayansi. Mwaka 2001 J. K. Rowling, yule wa Harry Potter, akatoa kitabu kidogo cha viumbe wa ajabu, na humo yumo Nundu wa Afrika Mashariki: chui mkubwa mno ambaye pumzi yake inaleta magonjwa ya kumaliza vijiji, na kumshinda wanahitajika wachawi mia. Kwenye sinema ya mwaka 2016 anaonekana pia.

Sina ugomvi na huyo mama, jina limefika mbali na mimi nafurahi. Ila angalieni kilichodondoka njiani. Jino limeenda, kucha zimeenda, ukubwa umeongezwa. Sultani hakuchukuliwa. Sasa yupo tu huko "Afrika Mashariki", anaua kwa sababu ndivyo alivyo. Amekuwa kama papa wetu wa Mkondoa.

PORINI NAKO KUNA SHERIA ZA GEMU

Baada ya hapo nikajiuliza, hivi dunia halisi nayo inapita mtihani huu? Maana tunakaa jirani na mbuga, tuangalie.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na jina lake ni la ile mitende mirefu, mikumi. Twiga wamejaa, hata ukiwa ndani ya basi la Iringa unawaona, maana barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50. Ukienda kusini unaingia pori lililokuwa sehemu ya Selous, na sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Nyerere. Twiga wapo huko pia. Lakini ukivuka mto Rufiji kwenda kusini, twiga hakuna! Tembo wapo, simba wapo, nyati wapo. Twiga hawapo. Ingekuwa gemu ungesema mtengenezaji alisahau. Kumbe ni mto. Tembo anaogelea, twiga na ile miguu yake mto mkubwa kama Rufiji ni ukuta.

Kingine kipo hapa hapa kwetu na hakuna anayekiongelea. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini milima ya Udzungwa. Wakapikiwa ndege, wakala. Baadaye wakaona miguu ya yule ndege imebaki kwenye sufuria, wakashangaa, hawaijui! Alikuwa kware ambaye sayansi haikuwahi kumwandika. Walipomchunguza wakakuta ndugu zake wa karibu siyo kware wa Afrika, ni kware wa misitu ya Asia. Mwaka 2000 wakapatikana wengine wanaofanana naye milima ya Rubeho, safu hiyo hiyo inayoonekana ukisimama Kilosa ukatazama magharibi.

Ndege wa Kiasia juu ya mlima wa Kilosa. Kafikaje? Wataalamu wanaeleza hivi: zamani sana misitu yenye unyevu ilienea mbali kuliko leo, na viumbe waliweza kupita kati ya Asia na Afrika. Hali ya hewa ikakauka, misitu ikakatika, lakini milima hii ya Tao la Mashariki iliendelea kupata mvua kutoka bahari ya Hindi. Walioko juu wakabaki juu, kama watu waliokimbilia kwenye kilima mafuriko yakaja wakashindwa kurudi. (Watu wa Kilosa wa mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 wanaielewa sana lugha hii.)

Kwa hiyo dunia halisi inapita mtihani. Ajabu zipo tele, na kila ajabu ina njia yake.

BIBI AKAIKATAA GEMU

Sasa ndiyo nifike kwenye lililoniuma.

Mwezi uliofuata nikaenda kwa bibi yangu, anakaa kijiji kimoja upande wa Mikumi. Nikabeba na laptopu ya kuazima. Jioni nikamwonyesha gemu, akacheka sana kuona kijana wetu amevaa kandambili. Tukafika kwenye pori. Akatokea tembo. Kijana akampiga, tembo akafa, zikadondoka sarafu 50. Hatua tatu mbele, tembo mwingine.

Bibi akauliza: "Anatoka wapi huyu?"

"Anatokea tu, bibi. Kompyuta inamleta."

"Hatokei tu, mume wangu." (Ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mjukuu.) "Tembo anatoka kwake anakwenda kwake."

Halafu akanyamaza, na mimi nikaona nimefanya upuuzi. Maana bibi msimu uliopita amepoteza karibu shamba zima la mahindi kwa tembo. Walikuja mahindi yalipokuwa yanakomaa, usiku wa manane. Amepiga debe mpaka mkono ukavimba. Gunia nne alizotegemea akatoa moja na nusu. Ndizo zilizokuwa za kula mpaka msimu mwingine, na nyingine ya kuuza. Nyumbani tukachanga tukamtumia unga.

Nilitegemea atasema tembo ni mashetani. Hakusema. Akanieleza kwamba wanakuja kila mara kwa kufuata kijito kile kile. Kwamba yeye akiwa msichana walikuwa wanapita kwa chini zaidi, kulikuwa hakuna watu. Yakaja mashamba, moja baada ya jingine, nyumba, mifugo, na kila palipojengwa tembo wakasogea kidogo. "Wanapita palepale pa mama zao, wakikuta mahindi wanakula. Wewe ukikuta mahindi njiani una njaa hutakula?" Anawakasirikia kweli kweli, asikudanganye mtu. Lakini anajua kwa nini wapo pale. Gemu yangu ilikuwa haijui.

Usiku ule nikasoma kwenye simu. Sensa ya tembo wa Selous na Mikumi kwa pamoja: mwaka 2009 walikuwa kama 39,000. Mwaka 2013 wakahesabiwa kama 13,000. Miaka minne tu! Ujangili. Na faru, ambao bibi anakumbuka wakitajwa, Mikumi wamekwisha kabisa. Kwenye gemu yetu ukiua tembo anarudi baada ya hatua tatu, na unalipwa. Tulikuwa tumetengeneza ujangili usiokwisha, tukauweka Mikumi, na hatukugundua kwa sababu "ni gemu bwana".

Ndipo lilipozaliwa lile swali la nne: HUU NI MWAKA GANI? Faru Mikumi mwaka 1964 ni sawa kabisa. Faru Mikumi leo ni kosa, labda umfanye mzuka. Tembo kwenye shamba la bibi enzi za usichana wake hana habari, palikuwa pori. Tembo yule yule leo ni njaa ya familia. Mnyama ni mmoja, mahali ni pamoja, hadithi mbili tofauti.

TULICHOBADILISHA

Tulirudi kazini tukabishana sana, mshkaji wangu alinuna siku tatu kwa sababu picha zake nyingi zimetupwa. Lakini sasa iko hivi:

- Tembo hawatokei ovyo. Wana njia moja inayofuata kijito, na ukiwa makini unaiona kwa mavi na miti iliyovunjwa.

- Ukiua tembo harudi. Idadi ni ile ile mpaka mwisho wa gemu, na ukiwamaliza pori linakuwa kimya. Hakuna sarafu.

- Kazi ya mchezaji kijijini ni kulinda shamba bila kuua. Unaweza kuzungusha kamba iliyopakwa oili chafu na pilipili, au kutundika mizinga ya nyuki. Siyo uchawi huo! Tembo wanaogopa nyuki kweli, utafiti umefanyika Kenya, na ua wa mizinga umetumika mpaka huku Tanzania. Asali unauza.

- Bosi wa mwisho ni nunda. Lakini humkuti mbugani. Unamkuta mwanzo kabisa, Kilosa, ni paka anayelala dukani kwa tajiri mmoja. Watu wanalalamika kuku wao wanapotea. Unaweza kuongea naye ukapita zako. Tutaona nani atamjali.

Na papa? Hapa dogo wa kidato cha pili atanisamehe. Nilipochimba nikakuta kuna aina ya papa anayeingia maji baridi, mto Zambezi anajulikana huko. Na Mkondoa wetu unaingia Wami, na Wami inamwaga bahari ya Hindi upande wa Saadani. Kwa hiyo njia ipo, ingawa ni ndefu mno na maji ya huku juu kiangazi yanafika magotini. Papa wa kweli hafiki. Lakini wa hadithi, mwaka wa mafuriko, mvua imenyesha wiki tatu... Tukamweka mzee mmoja darajani, anavua samaki, anayemwambia kila mpita njia kwamba mwaka ule maji yalipopanda aliona kitu kikubwa kinapanda kutoka Wami. Hakuna anayemwamini. Ukivuka daraja kiangazi hukuti kitu. Ukivuka masika, shauri yako.

Juzi dogo kaja kafe, kajaribu tena. Kamsikiliza mzee wa daraja mpaka mwisho, akaangalia juu kwenye kioo kama mvua inanyesha, akarudi nyuma kwenda kununua mkuki. Hakuuliza kitu.

Sasa nawaomba wadau wa Kilosa, Mikumi, Ulaya, Kidodi na kote wilayani: muulizeni babu au bibi yako, zamani hapo mlipo palikuwa na mnyama gani ambaye leo hayupo, na aliondoka mwaka gani. Niandikieni hapo chini kwenye maoni. Nataka kuchora ramani ya gemu ya mwaka 1964 na ya leo, mchezaji apite njia ile ile mara mbili. Bibi yangu ameshatoa ya kwake. Kashasema pia akija tena kuona tembo anadondosha hela, hanipikii.

Naomba kuwasilisha.